Safari ya Ndege baina ya Nairobi na London: Umbali Wake na Saa Zake

Leo twataka kusema habari za safari ya ndege baina ya miji miwili iliyo mbali sana, Nairobi na London. Swali lenyewe ni fupi: ni mbali kadiri gani, na msafiri huchukua saa ngapi njiani? Mtu aweza kudhani kwamba jibu lake ni neno moja tu. Lakini mwulize aliyekwenda, atakuambia, "Saa tisa." Itazame tikiti yake, utaona kana kwamba ni saa sita. Mwulize aliyerudi, naye tikiti yake yaonyesha saa kumi na moja na nusu. Wala hapana mwongo kati yao. Jambo hili yatupasa kulielewa vema, maana siku hizi vijana wetu wengi huenda huko kusoma na kufanya kazi, na mzazi asiyeijua hesabu yake aweza kumfikisha mwanawe kiwanjani ndege ikiwa imekwisha kuondoka tangu jana.

Tuanze na umbali, kwa kuwa huo haubadiliki. Kutoka kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi, hata kiwanja cha Heathrow, London, ni kilomita 6,840 hivi, ndizo maili 4,250. Hesabu hii haikupatikana kwa kupima barabara, wala si urefu wa njia ya meli. Ni kipimo cha njia iliyo fupi kupita zote juu ya uso wa dunia, na mwanafunzi aweza kuihakikisha mwenyewe. Achukue tufe la dunia la shuleni na uzi mwembamba. Auweke mwisho mmoja wa uzi juu ya Nairobi na mwisho wa pili juu ya London, kisha auvute mpaka ukaze. Uzi ukikazwa hivyo hutafuta wenyewe njia iliyo fupi. Kisha aupime uzi ule kwa uzi mwingine ulioizunguka Ikweta nzima. Ataona kwamba uzi wa safari ni sehemu moja ya sita ya mzunguko, na kuzidi kidogo. Nasi twajua kwamba mzunguko wa dunia ni kilomita 40,000 hivi. Agawanye kwa sita, aongeze kile kidogo kilichozidi, atakuwa karibu sana na hesabu tuliyoitaja.

Tufe hilo litamfundisha na jambo la pili, yaani nchi ambazo uzi umepita juu yake. Ukitoka Nairobi uzi waelekea kaskazini na kupinda kidogo magharibi, wapita upande wa Turkana, waingia Sudani ya Kusini, kisha sehemu za magharibi za Sudani, kisha jangwa la Libya. Watokea pwani karibu na Benghazi, wavuka bahari ya kati, wafuata ubavu wa magharibi wa Italia, wapanda milima ya Alps yenye theluji, washuka Ufaransa si mbali na Paris, ndipo uvukapo mlango wa bahari na kuingia Uingereza. Ramani ya ukutani haiwezi kuonyesha sawasawa, maana ramani hiyo ni dunia ya mviringo iliyolazwa juu ya karatasi, na nchi za kaskazini zimenyoshwa kupita kiasi. Hata anayemenya chungwa hawezi kulilaza ganda lake juu ya meza pasipo kulipasua.

Lakini rubani haufuati uzi ule. Angani kuna njia kama zilivyo barabara chini, na kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake, yaweza kuifungua na yaweza kuifunga. Vita vilipoanza Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, anga ya Sudani ilifungwa kwa ndege za abiria, na ndege zilizozoea kupita pale zililazimika kuzunguka, nyingine zikishika upande wa Uhabeshi, Bahari ya Sham na Misri. Libya nayo ilikuwa na machafuko tangu mwaka 2011, na mashirika mengi ya ndege yakaanza kuikwepa. Basi nchi mbili kubwa zilizolaliwa na uzi wetu zikawa kama mto uliofurika: mtu huuona ng'ambo, lakini hana budi kwenda mpaka kwenye daraja. Ndege kubwa ya abiria huenda kilomita 900 hivi kwa saa. Kwa hiyo kila kilomita 150 za kuzunguka ni dakika 10 zaidi, na mafuta yake, na fedha zake. Mtu akiona nauli imepanda asidhani sikuzote ni tamaa ya wenye ndege.

Sasa tuzitazame saa. Ukigawanya kilomita 6,840 kwa 900 utapata saa 7 na dakika 36. Mbona basi aliyekwenda asema saa tisa? Sehemu ya jibu tumekwisha kuitaja, yaani kuzunguka. Sehemu nyingine ni kwamba ndege haipati mwendo wake wote mara moja. Hutambaa kwanza kiwanjani kwa magurudumu, hupanda polepole ikiwa nzito kwa mafuta, na mwisho wa safari hushuka polepole vilevile. Tena Heathrow ni kiwanja chenye shughuli nyingi mno, na njia zake za kutulia ndege ni mbili tu. Mara nyingi ndege zinazofika asubuhi huamriwa kungoja zamu, zikizunguka angani moja juu ya nyingine, kama kunguru juu ya soko la samaki. Dakika hizo zote huhesabiwa katika safari.

Kisha kuna upepo, na hapa watu wa pwani hawahitaji mwalimu. Nahodha wa jahazi ajua kwamba njia ya kwenda Arabuni na njia ya kurudi ni moja, lakini haziendewi kwa muda mmoja, wala katika majira mamoja. Kusi humpeleka na kaskazi humrudisha. Juu sana angani, mahali zirukapo ndege kubwa, kilomita 10 au 11 kutoka chini, kuna upepo wenye nguvu uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa katika nchi zilizo kaskazini ya jangwa la Sahara. Wakati wa baridi ya Ulaya mara nyingi mwendo wake hupita kilomita 150 kwa saa. Ndege iendayo London hupanda kwa kuelekea kaskazini na magharibi, kwa hiyo upepo huo huipiga ubavuni na kidogo usoni. Irudipo, upepo huisukuma.

Fikirini mtumbwi katika mto Rufiji. Mpiga kasia ni yule yule, nguvu zake ni zile zile, wala kasia halikubadilika. Akifuata maji yaendako atafika upesi, akiyapinga atachelewa, ingawa mikono yake imefanya kazi moja. Ndege nayo huogelea katika hewa, na hewa yenyewe yatembea. Upepo ukiipunguzia ndege kilomita 50 tu katika kila saa, zile saa 7 na dakika 36 huwa saa 8 na zaidi. Ukiiongezea 50, huwa saa 7 na dakika 12. Kwa sababu hizi safari ya kwenda London yapata saa 9, na ya kurudi yapata saa 8 na nusu. Twasema "yapata" kwa makusudi. Hakuna siku mbili zilizo na upepo mmoja, na rubani hubeba mafuta ya akiba ya kungojea na ya kukimbilia kiwanja kingine kama kile aendacho kimefungwa na ukungu.

Saa tisa zaonekana nyingi kwa mtu aliyekaa kitini bila kunyosha miguu. Lakini tusisahau walivyosafiri waliotutangulia. Kabla ya ndege, aliyetoka Mombasa kwenda Uingereza alipanda meli, akapita Bahari ya Sham na mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, na safari ilikuwa ya majuma matatu au zaidi. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianza kupeleka barua kwa ndege kutoka London hata Mwanza, kwa njia ya Misri na Sudani. Ndege za siku zile zilikwenda kilomita 150 hivi kwa saa. Sasa mwanafunzi afanye hesabu: kilomita 6,840 kwa mwendo huo ni saa 46, hazitimii siku mbili. Walakini safari ilikuwa karibu juma zima au zaidi. Siku nyingine zilikwenda wapi?

Zilikwenda chini. Tangi la ndege lilikuwa dogo, ikatua kila baada ya mwendo mfupi kutiwa mafuta. Jua likichwa abiria walishuka wakalala katika nyumba za wageni, kwa kuwa haikurushwa gizani, na katika Ulaya kipande kimoja cha njia walipanda garimoshi. Kuanzia mwaka 1937 zilikuja ndege zenye matumbo kama mashua, zikitua majini: Kisumu ziwani, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikiendelea mpaka Durban. Wazee wa Dar es Salaam walizoea kuiona ndege imeelea bandarini baina ya majahazi. Kisha tarehe 2 Mei 1952 ndege iitwayo Comet, ya kwanza ya abiria isiyo na panga boi, ilitoka London kwenda Johannesburg na kufika kabla ya saa 24 kutimia, ingawa ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Ndege hiyo ilipatwa na ajali za kusikitisha mwaka 1954, maana bati la mwili wake lilichoka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa mara kwa mara, na mafundi wakajifunza mengi kwa msiba huo. Kiwanja kikubwa cha Nairobi, zamani kikiitwa Embakasi, kilifunguliwa mwaka 1958. Hivyo utaona kwamba mwendo wa ndege umeongezeka mara sita tu tangu 1931, lakini muda wa safari umepungua zaidi ya mara kumi na tano. Kilichotuokolea siku si mbio peke yake, ni kutokutua na kutokulala njiani.

Sasa twaja kwenye fumbo la tikiti. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24, kwa hiyo jua hutuchea sisi kwanza, na watu wa London baadaye. Saa za Kenya, Uganda na Tanzania hutangulia saa za London kwa saa 3 wakati wa baridi yao. Wakati wa joto lao, tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hata Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Waingereza husogeza saa zao mbele kwa saa moja, na tofauti hubaki saa 2. Sisi hatusogezi, hapa karibu na Ikweta mchana na usiku hulingana mwaka mzima, na hatungepata faida yo yote. Na tikiti ya ndege, popote duniani, huandika saa ya kuondoka kwa saa za mji wa kuondokea, na saa ya kufika kwa saa za mji wa kufikia. Hapo ndipo watu hupotea.

Tuseme ni mwezi wa Januari. Ndege yaondoka Nairobi saa tano u nusu usiku. Yaruka saa 9. Kwa saa ya mama aliyebaki Nairobi itafika saa mbili u nusu asubuhi. Lakini London ni nyuma kwa saa 3, kwa hiyo saa ya ukutani kiwanjani Heathrow ni kumi na moja u nusu alfajiri, na hiyo ndiyo iliyoandikwa katika tikiti. Toka tano u nusu usiku hata kumi na moja u nusu alfajiri ni saa 6, na msafiri hudhani amepewa saa 3 bure. Hakupewa, amekopeshwa. Siku ya kurudi aondoka London saa nne asubuhi, aruka saa 8 na nusu, na kufika Nairobi saa tatu u nusu usiku. Hizo kwa macho ni saa 11 na nusu, deni limelipwa.

Mwenye kutaka kujua muda wa kweli kwa kutazama tikiti peke yake, ajumlishe saa za kwenda na saa za kurudi, kisha agawanye kwa mbili. Sita na kumi na moja na nusu ni kumi na saba na nusu. Nusu yake ni saa 8 na dakika 45. Hiyo ndiyo kadiri ya safari moja, maana tofauti ya saa za miji hupunguza upande mmoja na kuongeza upande wa pili, nayo hujifuta yenyewe. Hesabu hii yafaa kwa miji yo yote miwili, iwe Dar es Salaam na Muscat, au Entebbe na Brussels, mradi tofauti ya saa za miji hiyo haikubadilika kati ya kwenda na kurudi.

Imesalia hatari iliyo kubwa kuliko zote, nayo yatokana na saa yetu ya Kiswahili. Sisi twahesabu saa tangu kucha na tangu kuchwa. Tikiti yahesabu tangu usiku wa manane, moja kwa moja hata 24. Penye 23:30 pana saa tano u nusu usiku, penye 08:00 pana saa mbili asubuhi. Kanuni ni nyepesi: ikiwa namba ya tikiti imepita 6, toa 6, na ukibaki na namba iliyopita 12, toa 12 tena. Hivyo 23 ukitoa 6 ni 17, ukitoa 12 ni 5. Ikiwa namba ni 6 au chini yake, ongeza 6. Hivi watoto wa darasa la nne huvijua, wala haviwapotezi watu wengi.

Kinachowapoteza ni tarehe. Tuseme tikiti yasema 00:20, tarehe 15. Ongeza 6: ni saa sita na dakika ishirini usiku. Mzee aisoma, asema, "Vema, tarehe 15 usiku." Siku ile ya tarehe 15 huchinja kuku, huwaaga jirani, humpeleka kijana kiwanjani jioni na sanduku lake. Hapo huambiwa kwamba ndege iliondoka jana usiku, dakika ishirini tu baada ya tarehe 15 kuanza. Nauli imepotea, au yaongezwa nyingine, na huenda chuo chafunguliwa kesho. Kwa hesabu ya tikiti siku mpya huanza saa sita ya usiku, watu wakiwa wamelala. Kijana huyo alipaswa kufika kiwanjani saa tatu tangu kuchwa tarehe 14, maana abiria wa safari ndefu hutakiwa kuwapo saa 3 kabla ya kuondoka.

Ajabu ni kwamba babu zetu wa pwani wasingepotea hapo. Kwao siku huanza jua linapokuchwa, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule tuuitao leo Alhamisi usiku. Mzee wa Lamu aliyelelewa kwa hesabu hiyo, ukimwambia ndege yaondoka usiku wa tarehe 15, angejifunga kibindo chake magharibi ya tarehe 14 na kufika mapema kuliko wasomi. Nasi tungali na maneno yake: twasema "usiku wa kuamkia." Basi kila tikiti yenye saa kati ya 00:00 na 05:59 na iandikwe pembeni kwa kalamu: usiku wa kuamkia tarehe fulani. Na ukiona alama ya kujumlisha na namba 1 kando ya saa ya kufika, maana yake msafiri atafika siku inayofuata ile aliyoondoka.

Kwa wale wanaobaki nyumbani pia tutoe hesabu yao, kwa sababu usiku wa safari ni mrefu kwao kuliko kwa msafiri. Ikiwa mwana ameondoka Nairobi Jumatatu saa tano u nusu usiku, yuko angani mpaka saa mbili u nusu ya Jumanne asubuhi, kwa saa zenu ninyi. Akishuka atasimama katika safu ya watu wanaoonyesha pasi zao, kisha atangoje sanduku lake, na hayo huchukua saa nzima au mbili, na simu yake yaweza kuwa haijapata mtandao wa nchi ile. Simu isipolia kabla ya saa nne na nusu asubuhi, msidhani kuna jambo. Na ikilia, jueni ya kuwa kwake kungali asubuhi mapema, jua la Januari huko bado halijachomoza, na huenda hajapata hata chai.